Mama ameacha mazoezi ya mgongo aliyopewa hospitali. Nimsaidieje bila kumkalia kooni?

Mtoto wa Fundi

Wakuu, habari za jioni. Naomba ushauri kwa mwenye uzoefu, awe mgonjwa, mtaalamu au mtu aliyeuguza mzazi.

Mama yangu ana miaka 61, yuko Morogoro, ni fundi cherehani tangu mimi sijazaliwa. Sare za shule, magauni ya vitenge, kurekebisha nguo za watu, vyote kwa cherehani ya kukanyaga kwa miguu. Ramadhani iliyopita kiuno kilimshika. Mwanzo kiuno tu, baadaye maumivu yakaanza kuteremka: tako la kulia, nyuma ya paja, mpaka shavu la mguu, na vidole viwili vinakufa ganzi. Akapigwa picha, akaambiwa pingili za chini zimesagika. Akapewa dawa na kuelekezwa idara ya fiziotherapia.

Huko walimpokea vizuri. Wakamchua, wakamwonyesha mazoezi, wakampa karatasi yenye michoro kumi na mmoja afanye nyumbani, kisha awe anarudi kila wiki. Alikwenda kwa muda mfupi, akaacha.

Sababu zake nazijua zote kwa kichwa. Nauli, bodaboda mpaka barabarani kisha daladala. Foleni, maana akienda siku yote ya kazi imeliwa na wenye sare wanamjia juu. Karatasi ina mambo mengi, hajui aanze na lipi. Nyumbani hakuna pa kulala chini, sebuleni kuna wajukuu na mkwe wake anaingia na kutoka.

Lakini iliyomvunja moyo hasa ni hii. Anasema mazoezi yamemhamishia ugonjwa. Kabla yake mguu ndio uliokuwa ukimtesa. Baada ya lile zoezi la kulala kifudifudi na kujiinua kwa mikono, mguu ulipoa, kiuno kikawaka moto. Akasema hawa watoto wa hospitali wananiharibu, akakunja mkeka. Sasa anashinda na mkanda wa kiuno, na siku ikizidi anakwenda duka la dawa kuchomwa sindano ya diklofenaki. Anasali kwenye kiti, na hilo linamuuma kuliko kiuno chenyewe.

Mimi niko Dar, naenda kumwona mwisho wa mwezi. Kila nikipiga simu namuuliza, "Mama, umefanya mazoezi?" Ananijibu, "Nimefanya, mwanangu." Mdogo wangu wa kike anayekaa naye ananiambia mkeka una vumbi.

Nifanyeje?

Kipara wa Tandika

Mkuu, muache mama wa watu. Pingili ikisagika imesagika, mazoezi hayaoteshi mfupa. Mzee wangu alivutwa mgongo kwa mashine, akanunuliwa mkanda ule wenye vyuma, tukamtafutia mchuaji anayejua kazi. Leo anatembea mwenyewe kwenda msikitini. Mazoezi ni ya vijana wanaotaka kifua.

Bi Viungo

Mwanangu, pole, na mpe pole mama. Nilisomea fiziotherapia pale KCMC, Moshi, nikaifanya kazi hiyo mpaka nikastaafu. Sasa ninalea miche ya parachichi na magoti yangu mwenyewe. Migongo nimeiona, na wagonjwa waliokunja mkeka nimewaona wengi kuliko walioukunjua.

Kwanza la lazima, kabla ya habari ya kumshawishi. Mwambie mdogo wako wa kike amuulize mama, wakiwa wawili tu: mkojo unatoka kama kawaida? Haumponyoki, haumgomei? Akienda chooni, anapojisafisha, anayahisi maji? Kandambili ya mguu wa kulia inamtoka njiani bila yeye kujua? Ganzi ya sehemu ya kukalia, mkojo kukataa au mguu kuanza kulegea si mambo ya mazoezi wala ya kungoja mwisho wa mwezi; ni hospitali siku hiyo hiyo. Muulize pia kama anapata homa za jioni, jasho la usiku, au anakonda bila sababu, maana kifua kikuu cha uti wa mgongo kwetu bado kipo na huanza kama kiuno tu. Namtuma mdogo wako kwa sababu mama hawezi kukutajia mambo ya chooni kwenye simu.

Kama hayo yote hayapo, basi nisikilize.

Umeandika kwamba mguu ulipoa na kiuno kikawaka. Nimeisoma sentensi hiyo mara ya pili kuhakikisha sijaielewa vibaya. Mwanangu, kwa maumivu ya aina ya mama yako, hiyo kwa kawaida ni dalili njema. Mshipa wa fahamu ukikereka kiunoni, maumivu huufuata kama njia: tako, paja, shavu, vidole. Mambo yakianza kutulia, maumivu hurudi nyuma kwa njia ile ile. Yanaacha vidole, yanaacha shavu, yanaacha paja, yanakusanyika kiunoni. Kwa siku kadhaa kiuno kinaweza kuuma kuliko mwanzo. Kibaya ni kinyume chake: kiuno kimepoa lakini mguu unaanza kuwaka chini zaidi kuliko jana. Hapo anaacha zoezi hilo na kurudi kwa mtaalamu.

Jambo hili lina historia yake. Mwaka 1956, Wellington huko New Zealand, mtaalamu mmoja aitwaye Robin McKenzie alikuwa na mgonjwa ambaye mguu ulikataa kupona kwa kila kilichojulikana wakati ule. Siku hiyo akamwambia aingie chumbani alale kifudifudi kitandani amsubiri. Kitanda kilikuwa kimeachwa kimeinuliwa upande wa kichwa, na mgonjwa, mtu mtiifu, akalala hivyo hivyo mgongo ukiwa umepinda kwa nyuma. McKenzie aliporudi alishtuka kumkuta katika mkao ambao enzi hizo ulihesabiwa ni wa hatari. Mgonjwa akamwambia mguu haujapata nafuu kama ile kwa wiki nyingi, na maumivu yamehamia katikati ya kiuno. Zoezi lile la kujiinua kwa mikono alilopewa mama limetoka huko.

Kwa hiyo mama ameacha siku ile ile zoezi lilipoanza kujibu. Si mvivu, na tafadhali neno hilo usilitumie nyumbani. Ametumia akili yake: kinachoniongezea maumivu nakiacha. Angekuwa ameambiwa kabla ya kuondoka, "Mama, kiuno kitawaka kidogo, usiogope, angalia mguu," mkeka usingekuwa na vumbi. Foleni inapokuwa ndefu, sentensi hiyo ndiyo ya kwanza kukatwa.

Sasa ya kufanya.

Ile karatasi. Michoro kumi na mmoja kwa mama wa miaka 61 mwenye wateja mlangoni ni mingi mno. Huko Marekani mwaka 1999 waliwahi kuwapa wazee wa zaidi ya miaka 65 mazoezi ya nyumbani kwa idadi tofauti, na waliopewa mawili waliyafanya vizuri kuliko waliopewa manane. Mdogo wako aende na mama na karatasi hiyo, awaambie wenyewe kwa adabu: tuchagulieni mawili ya mwezi huu, mengine tutakuja kuyachukua. Hakuna mtaalamu atakayekasirika. Wengi watashukuru kuulizwa.

Mahali na saa. Umesema mama anasali. Basi ratiba anayo tayari, na mlango wa kufunga anao. Baada ya alfajiri hakuna mkwe wala mjukuu anayeingia chumbani kwa mama. Akishatoa salamu na kumaliza nyiradi zake, hapo hapo alale kifudifudi dakika chache, kisha ajiinue kwa mikono, nyonga zikibaki chini, taratibu, mara kumi. Baada ya isha hivyo hivyo. Asiweke kengele ya simu. Simu italia akiwa na mteja, ataizima, na kesho yake ataichukia.

Lengo. Wewe unataka maumivu yaishe, mama anataka kurudi kusujudu. Mfuate yeye. Ila ujue kusujudu ni kuinama, na mgongo wa namna hii kuinama huja mwishoni, mguu ukishatulia. Mtaalamu wake ndiye atakayempa ruhusa, na atampandisha ngazi kwa ngazi: kwanza kupiga magoti ameshika kiti, kisha mikono juu ya kigoda, halafu chini kabisa. Mwambie hospitali hivyo hivyo, kwamba mama anataka kusujudu Ramadhani ijayo. Mtaalamu akisikia hivyo anajua ampangie nini. Akisikia "kiuno kinauma" atampa karatasi ile ile anayompa kila mtu.

Na simu zako. "Umefanya mazoezi?" ni swali la mwalimu wa zamu, na jibu lake ni "ndiyo" tangu shule ya msingi. Muulize, "Mama, leo maumivu yamefika wapi?" Yeye ni fundi, futi haimtoki shingoni. Apime kutoka mfupa wa kiuno mpaka pale maumivu yanapokomea, aandike inchi kwenye daftari la vipimo vya wateja, ukurasa wake mwenyewe. Maumivu ukiyaita makali au madogo ni maneno, leo makali kesho sijui. Inchi haibishani. Akiona ilikuwa thelathini na kitu, sasa ishirini na nane, hutakuwa na haja ya kumuuliza habari ya mkeka.

Nauli: aombe miadi ya mbali mbali, na katikati mdogo wako ampigie mtaalamu simu kusomea zile inchi. Wengi wanakubali.

Nikurudie wewe Kipara, kwa heshima. Pingili "kusagika" kwenye picha kunatisha kwa jina tu. Uchambuzi mmoja mkubwa wa mwaka 2015 uliangalia picha za watu wasioumwa mgongo kabisa. Wa miaka 20, 37 kati ya 100 walikuwa na diski zilizochakaa, yaani ile mito laini iliyo kati ya pingili. Wa miaka 60, 88 kati ya 100. Hao wote walikuwa kwenye shughuli zao. Ukimpiga picha jirani yake mama anayebeba ndoo mbili za maji, naye utamkuta "amesagika". Na Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa Desemba 2023 kuhusu maumivu sugu ya kiuno, limeweka mikanda na kuvutwa mgongo kwa mashine kwenye orodha ya yasiyopendekezwa kwa kawaida. Mazoezi na kuelimishwa yamo kwenye yanayopendekezwa. Kuchua nako kumo, kwa hiyo mchuaji wa mzee sina ugomvi naye.

Sindano ya diklofenaki ya dukani ndiyo siipendi. Kwa umri wa mama, tumbo, figo na presha vyote vinaiogopa. Apimwe presha kwanza, na dawa apewe na daktari.

Dereva wa Transiti

Shikamoo Bi Viungo. Umenigusa kwenye habari ya kengele.

Mimi naendesha semi, bandarini mpaka Tunduma, na nikivuka naingia Zambia. Mgongo ulinikamata nikawa nashuka kwenye kabini kwa kuanza na mguu mmoja kama mzee wa kijiji. Yule bwana wa mazoezi aliyenitibu hakunipa saa kabisa. Alisema saa nitaisahau, mizani sitaisahau.

Na kweli. Vigwaza, Makambako, Mpemba, kila nikikuta foleni ya mizani nashuka. Mikono nyuma ya kiuno, vidole vikitazama chini, napinda kwa nyuma taratibu, narudi, napinda tena. Nikimaliza nazunguka trela yote, nagonga tairi moja moja kama ninavyotakiwa kufanya siku zote, napanda. Utingo wangu mwanzo alijificha kwa aibu. Sasa hivi ukija Makambako jioni unaweza kukuta madereva wanne wamesimama pembeni ya foleni wamepinda kama wanaangalia ndege. Mmoja ni Mkongo, hatuelewani vizuri lakini zoezi anajua.

Pochi nayo nilihamishia mfuko wa mbele. Ukikalia pochi nene kutoka Dar mpaka Iringa utajua hujui.

Kwa hiyo Mtoto wa Fundi, tafuta mizani ya mama. Alfajiri na isha ni sawa, lakini huyo mtu anakaa kutwa nzima kwenye cherehani. Kati ya saa mbili asubuhi na saa kumi jioni nani anamwinua?

Umm Swaleh wa Mambasa

Salaam aleikum jamaa. Mimi ni wa huku Mombasa, Kibokoni. Bi Viungo kasema maneno mazuri, lakini hapo pa kulala kifudifudi pana kijambo, na huenda mama mwenyewe haoni vyema kulisema.

Mamangu alikataa zoezi hilo kwa sababu tumefunzwa tangu utotoni kulala kifudifudi si vizuri. Alikuwa akiambiwa hospitali aitika "naam, naam", akija nyumbani hafanyi, na hakuna aliyejua sababu. Siku moja ndipo akaniambia, nami nikamwendea ustadhi wetu. Akanambia makatazo ni ya kulala usingizi, na tiba ina hukumu yake, afanye na amuombe Mungu shifaa. Nilipomfikishia hayo kutoka kwa ustadhi, si kutoka kwangu, akatandika jamvi usiku ule ule.

Na jengine. Wajukuu usiwafukuze. Wangu mmoja wa miaka sita alijipa kazi ya kuhesabu. "Nane, bibi. Tisa, bibi. La, hiyo haikufika juu, rudia!" Bibi yuacheka na yuarudia. Mimi ningemwambia "rudia" angenitolea macho.

Bi Viungo

Marahaba dereva. Umm Swaleh, ahsante sana, hilo la kifudifudi nilipaswa kulitaja mwenyewe, maana huku Moshi mjini wagonjwa wetu Waislamu ni wengi na nimelisikia. Mama akiendelea kuona uzito, hilo la dereva la kusimama na kupinda nyuma ni ndugu yake. Halina nguvu sawasawa, lakini linafanyika popote, hata na baibui.

Na kweli nimeisahau ile saa mbili mpaka saa kumi. Mtoto wa Fundi, wewe umekulia chini ya meza ya cherehani. Kitu gani kinamsimamisha fundi kazi bila yeye kupenda?

Mtoto wa Fundi

Shikamoo mama. Nimesoma yote, nimemtumia mdogo wangu, na jana nimeongea na nyumbani kwa muda mrefu.

Kwanza yale maswali ya chooni. Mdogo wangu ameuliza, yote yako salama, maji anayahisi, mkojo hauna shida, kandambili haimtoki. Homa hana. Kukonda, mama amesema angependa, lakini hapana.

Pili, ile habari ya maumivu kurudi nyuma. Nilimwambia vile vile ulivyoandika. Akanyamaza, halafu akaniuliza, "Kwa nini hawakuniambia?" Nikamwambia foleni. Akasema, "Foleni sawa, lakini neno moja hilo linachukua muda gani?" Sikuwa na jibu.

Futi imemfurahisha kuliko nilivyotegemea. Mdogo wangu anasema alipima palepale, inchi thelathini na moja, akabishana naye kama futi ianzie kwenye mfupa wa kiuno au kwenye mkanda wa sketi. Wamekubaliana kwenye mfupa. Ameandika "Mimi mwenyewe" juu ya ukurasa, chini ya vipimo vya mama mchungaji.

Kifudifudi amesema hana tatizo nacho, ila ataongea na shemeji yangu wa madrasa ili moyo utulie.

Kuhusu kinachomsimamisha fundi: bobini. Uzi wa bobini ukiisha huna ujanja, cherehani inasimama. Kwa sare anazoshona zinaisha mara nyingi kwa siku. Nimemwambia kila bobini ikiisha asimame, apinde kama dereva, ndipo ajaze nyingine. Akasema zamani alikuwa anajaza bobini kumi asubuhi ili asisimame. Nimemwomba awe anajaza moja moja.

Maswali mawili yaliyobaki. Nilikuwa nimeanza kudunduliza nimnunulie mota ya cherehani ili asikanyage. Ni wazo zuri? Na mguu ukipona kabisa, aendelee mpaka lini? Hilo la "mpaka lini" ameuliza mwenyewe.

Kipara wa Tandika

Bi Viungo, shikamoo. Sijakuja kubishana. Nauliza tu, mzee wangu anavaa ule mkanda kuanzia asubuhi mpaka anapolala, mwaka wa pili sasa. Nimvue?

Bi Viungo

Marahaba wanangu.

Kipara, usimvue ghafla. Mtu aliyezoea mkanda anauamini, ukimpokonya atatembea kama yai. Aanze kuuvua akiwa nyumbani, wakati wa kula, kisha akienda dukani hapo karibu. Aendelee nao kwa safari za basi kama unampa moyo. Mpeleke pia kwenye idara ya fiziotherapia wamwangalie, kwa sababu mzee anayetembea kwenda msikitini ana mgongo unaofanya kazi tayari. Huenda anavaa hofu tu sasa.

Mtoto wa Fundi, bobini umenipita. Ningekuwa bado kazini ningeipeleka kwa kila fundi aliyewahi kukaa mbele yangu.

Mota, subiri. Kukanyaga si adui. Miguu inayokanyaga inazungusha damu, na mota ikija ataweza kukaa saa tatu bila kunyanyuka, akishona kwa haraka zaidi na bobini zikijazwa kwa wingi. Kinachomuumiza ni kukaa ameinama kwa muda mrefu, kichwa kimefuata sindano. Hizo pesa angalia kwanza anakalia nini. Kama ni stuli isiyo na mgongo, au kiti kifupi kinachopandisha magoti juu ya nyonga, anza hapo: kiti chenye egemeo, mto mdogo au taulo lililokunjwa nyuma ya kiuno, na urefu wa kumwezesha kuiona sindano bila kujikunja. Kama meza iko chini mno, fundi seremala ataiongezea vipande chini ya miguu kwa bei ya soda chache. Taa pia. Wazee wengi wanainama kwa sababu hawaoni, na mgongo ndio unaolipa deni la macho. Miwani yake ilipimwa lini?

Mpaka lini. Usimwambie "maisha yako yote", hata kama ndivyo, atachoka kabla hajaanza. Haya mawili ya kifudifudi ni mpaka mguu utulie na mtaalamu aseme basi, kisha atapewa ya kuimarisha kiuno na nyonga. La kudumu ni kutembea. Kule Australia, utafiti uliochapishwa mwaka 2024 ulichukua watu 701 waliokuwa wamepona mgongo karibuni. Nusu yao wakapewa mpango wa kutembea uliosimamiwa na wataalamu wa fiziotherapia, wakiongeza polepole mpaka dakika 30, mara tano kwa wiki. Wengine wakaachwa waendelee na mambo yao. Ukiwapanga foleni, mtu wa katikati wa waliotembea mgongo ulimrudia baada ya siku 208, wa katikati wa wasiotembea baada ya siku 112. Haukuwaacha kabisa, lakini karibu mara mbili ya muda wa raha kwa kitu kisicho na nauli. Mama apeleke sare kwa wateja kwa miguu badala ya kumtuma mtoto, mguu ukishatulia lakini, si sasa.

Na jambo moja mnaponisoma na mdogo wako. Kutakuwa na siku inchi zitaongezeka. Msiba, harusi, gari la Dodoma, nguo za Idi za kumaliza usiku. Inchi kutoka ishirini kurudi ishirini na sita haimaanishi mazoezi yameshindwa. Siku hizo apunguze, asiache. Alale tu kifudifudi bila kujiinua, kesho aendelee. Wagonjwa wengi niliowapoteza sikuwapoteza mwanzoni, niliwapoteza baada ya siku moja mbaya ambayo hakuna aliyewaandaa nayo. Zikipanda siku tatu mfululizo, au zikivuka pale zilipoanzia, mdogo wako apige simu idarani.

Miadi yake ni lini? Akienda, abebe daftari lenyewe, asinakili kwenye karatasi. Mtaalamu akiuona ule ukurasa, ataelewa kwa dakika moja alichokuwa akikitafuta kwa maswali kumi. Na amwonyeshe picha ya simu akiwa amekaa kwenye cherehani, ipigwe kutoka ubavuni, asijinyooshe kwa ajili ya kamera.

Mtoto wa Fundi

Miadi ni Jumanne. Mdogo wangu ataipiga picha kesho mama akiwa kwenye zipu ya gauni, hapo ndipo anapojikunja hasa na hataona kamera. Miwani ni ya mwaka nilipoanza kidato cha kwanza, kwa hiyo hilo nalo nimelielewa. Nitarudi na inchi baada ya Jumanne.